Kidevu Chini, Kijiko Kidogo

Siku baba yangu alipopigwa na kiharusi, msaada wa kwanza niliompa ulikuwa maji. Nilimkuta ameanguka mlangoni mwa chumba chake asubuhi, mswaki ungali mkononi. Nikamlaza chali, nikamwinua kichwa kidogo, nikammiminia maji mdomoni. Kwetu kila mtu hufanya hivyo. Mtu akianguka anapewa maji, akifiwa anapewa maji, akigombana na mkewe anapewa maji. Yakampalia, akakohoa mpaka macho yakamtoka, nami nikamwongezea mengine ya kutuliza kikohozi. Bahati nzuri kulikuwa na gari karibu la kumkimbiza hospitali, maana ningeachiwa niendelee na wema wangu ule ningemuua mwenyewe.

Alirudi nyumbani baada ya siku tisa. Upande wa kulia ulikuwa umekufa, mkono na mguu, na mdomo umekwenda pembeni. Maneno yalibaki mawili. La kwanza lilikuwa "hapana." La pili lilikuwa "Bwana," nalo alilitumia kwa Mwenyezi Mungu, kwa mimi, na kwa chombo cha kujisaidia, na ilikuwa juu yangu kufahamu ni yupi kati yetu anaitwa.

Kwa mtu mwingine hasara hiyo ingekuwa kubwa. Kwa baba yangu ilikuwa kama fundi kunyang'anywa sanduku lake la vifaa. Alikuja Kibiti kutoka Mbinga kama seremala, wakati daraja la Rufiji linajengwa, akawa anapiga mbao za kumwagia zege. Daraja lilipokwisha wenzake wakapanda basi wakarudi kwao. Yeye akabaki, kwa sababu alikuwa amekuta Wakatoliki wachache, walimu, polisi na manesi waliohamishiwa huku, wanasali kwenye banda moja la bati bila mtu wa kuwaongoza Padre asipokuwepo. Akawatengenezea mabenchi. Kisha akawa katekista wao, na kwa zaidi ya miaka ishirini kazi yake ilikuwa mdomo: kufundisha, kuongoza sala, kuhubiri Jumapili ambazo Padre yuko vigango vingine, kuzika. Mtaa wetu karibu wote ni Waislamu, na hata wao walimwita Mwalimu.

Mimi ni fundi umeme wa magari. Kibanda changu kiko kando ya barabara kuu iendayo Lindi, na mimi, mtoto wa katekista, nilikuwa sijakanyaga kanisani kwa miaka. Watu hupenda kusikia kisa cha mtu kuacha kanisa, lakini mimi sina kisa. Sikugombana na Padre wala sikusoma kitabu kilichonibadilisha. Niliacha jinsi mtu anavyoacha kumpigia simu rafiki wa zamani: wiki moja inapita, mwezi unapita, halafu unaona aibu kuanza. Baba hakunisema hata siku moja. Jumapili asubuhi tu alikuwa na namna yake ya kuvaa shati mbele yangu, kifungo baada ya kifungo, polepole, huku akiangalia ukuta.

Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi huko Ngorongo, anakuja nyumbani mwisho wa mwezi na wakati wa likizo. Alikaa nasi wiki ile ya kwanza, na siku ya kuondoka akasimama na begi lake, akanitazama.

"Utaweza?" akauliza.

"Kumlisha mtu uji ndiyo kazi ya kuniuliza kama nitaweza?"

Alicheka tu, akapanda bodaboda, na nilimwona mabega yakiendelea kutikisika mpaka wanakata kona.

Nesi wa hospitali alikuwa amenipa masharti. Baba asipewe kitu chepesi kama maji, kwa sababu koo lake halijui tena njia ya chakula na njia ya hewa, na kitu chepesi hukimbilia njia ya hewa kabla halijaamua. Akae wima. Kidevu kiwe chini, kielekee kifuani. Kijiko kiwe kidogo. Nisubiri ameze, ameze tena, ndipo nimwambie afungue mdomo nione kama kuna kilichobaki. Yalikuwa masharti mepesi kuyakariri. Kuyatekeleza kulichukua zaidi ya saa nzima, mara tatu kwa siku, na uji mwingi ulirudi kwa njia uliyoingilia.

Wiki ya pili akaja mama mmoja wa kigangoni, mwenye ruhusa ya kupelekea wagonjwa Komunyo. Baba alikuwa ametaka shati jeupe. Nilimvalisha, nikamkalisha kwenye kiti, nikasimama pembeni kama mtu aliyekuja kusoma mita. Yule mama akasali, akasema, "Mwili wa Kristo," akamwekea ulimini. Baba akafumba macho. Kisha koo likamgeuka, akapaliwa, akakohoa kwa nguvu, na hostia ikatoka, ikaanguka kwenye shati.

Yule mama hakushtuka. Aliiokota, akaifunga kwenye kitambaa chake cheupe, akafanya yote yanayotakiwa kufanywa, na akasema maneno ya kumfariji. Lakini baba yangu alilia. Nilikuwa sijawahi kumwona akilia, hata tulipomzika mama. Huyu ndiye mtu aliyewafundisha watoto wa mtaa mzima namna ya kupokea, ambaye alikuwa akitembea nyuma ya mstari siku ya Komunyo ya Kwanza kuhakikisha hakuna chembe inayodondoka. Kuanzia siku ile mtu wa Komunyo akija, baba alibana midomo na kugeukia ukutani. "Hapana," alisema, na "hapana" hiyo ilikuwa wazi kuliko hotuba.

Padre akaja kumwona Jumatano ya Majivu. Walikaa wawili chumbani kitambo, kisha akatoka akanikuta nafua shuka uani.

"Mwalimu anataka kupokea Pasaka hii," akaniambia.

"Amekuambiaje, Padre? Hasemi."

"Amenishika mkono akaupeleka mdomoni kwake. Halafu akaonyesha shati lake, akalia. Anaogopa kuangusha tena." Padre akakunja mikono ya kanzu. "Wiki moja kabla ya Juma Kuu nitazunguka kwa wagonjwa wote. Nitapita hapa. Mfundishe kumeza."

Alisema kama mtu anayeniagiza nibadilishe fyuzi. Nikamjibu sawa, Padre. Alipoondoka nilikasirika, kwa sababu nilijua kwamba tangu dakika ile kila kijiko kitakachorudi kitakuwa kosa langu.

Sasa niseme ukweli jinsi nilivyokuwa. Nilikuwa namlisha huku simu ikiita mfukoni, madereva wanalalamika kwamba gari halipigi starti, na mimi hapa nasubiri mzee ameze mara ya pili. Tena hakubali kufungua mdomo kabla ya ishara ya msalaba. Mkono wake wa kulia haunyanyuki, na wa kushoto hataki kuutumia, maana yeye ndiye aliyekuwa akiwachapa vidole watoto waliofanya ishara ya msalaba kwa wa kushoto. Kwa hiyo ilibidi niunyanyue ule wa kulia mimi. Mkono wa mtu aliyepooza ni mzito kuliko unavyodhani. Niliupeleka kwenye paji la uso, kifuani, bega la kushoto, bega la kulia. Siku za kwanza nilikuwa naufanyia haraka, kama mtu anayepiga jeki chini ya gari. Nikiruka bega moja, mdomo haufunguki, tunaanza upya. Ikawa mara tatu kwa siku nafanya ishara ya msalaba kwa mkono usio wangu, na sikuweza kujidanganya kwamba simo.

Mchana mmoja nilimfokea. Alikuwa ameshika uji shavuni muda mrefu, nami nimeshapigiwa simu mara nne. "Meza basi, unamngoja nani?" Nilisema kwa sauti niliyozoea kuitumia gereji. Akanitazama. Hakuwa na hasira, na hilo lilinichoma zaidi. Akaufumba mdomo, hakuufungua tena mpaka jioni.

Mfungo wa Ramadhani mwaka ule ulianza wiki moja na Kwaresima. Ua wa makuti ndio uliotutenganisha na jirani yetu, mama mtu mzima, Mndengereko, mjane, ambaye baba yangu alimtengenezea milango yote ya nyumba yake. Jioni ile, adhana ya magharibi ilipokwisha na watu wamefuturu, nikamsikia anabisha hodi mlango wa uani. Alikuwa na bakuli limefunikwa kwa sahani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umemfokea Mwalimu leo. Nimekusikia mpaka jikoni kwangu."

"Nisamehe, Mama."

"Mimi umenifokea? Kamwombe yeye." Akachungulia sufuria yangu ya uji, akaukoroga kidogo, akaunusa. "Na huu ndio unaompa? Mwanangu, huu ni wa kubandikia karatasi ukutani."

Nilimweleza kwamba mgonjwa hapewi kitu kikali, na kwamba nimeacha hata sukari kwa kuogopa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipa lile bakuli. Ulikuwa uji wa kufuturia, wa unga wa mchele, mzito, una tui la nazi na sukari, na pilipili manga iliyotwangwa mpaka harufu yake inapanda puani kabla hujausogelea. Niliupeleka chumbani kwa wasiwasi. Kwanza nikamwomba baba msamaha. Alinyanyua mkono mzima, wa kushoto, akaupunga kidogo kama anafukuza nzi, nikajua yamekwisha. Nikanyanyua ule wa kulia, tukafanya ishara ya msalaba. Kidevu chini, kijiko kidogo.

Pua yake ilicheza. Midomo ikakaza. Kisha nikaona kikoromeo kinapanda na kushuka, mara moja, na mara ya pili bila kuambiwa. "Fungua," nikasema. Mdomo ulikuwa mtupu. Nikampa cha pili, cha tatu. Alikohoa kijiko cha saba tu, na bakuli likaisha kabla uji haujapoa.

Nilipomsimulia nesi, alisema amewahi kuona hivyo. Koo kama lile limelala, alisema, na kitu chenye ukali kidogo kinaliamsha. Jirani yangu nilipomletea habari hizo hakuonyesha kushangaa. Alisema kila mtu hapa anajua kwamba uji huo unafungua koo lililokauka mchana kutwa, sasa watu wa hospitali nao wamejua, vizuri.

Jioni bakuli lilikuja kila siku, lakini baba alikula asubuhi na mchana pia, kwa hiyo ikabidi nijifunze. Nilikwenda jikoni kwake saa nne za asubuhi, yeye amekaa kwenye kibao cha mbuzi, amefunga, ananipa amri. Koroga. Usiache chini kushike. Punguza moto. Nilikuwa nimeshazoea kuwa mimi ndiye ninayeamrisha, na sasa hapa nina mwiko mkononi na jasho mgongoni, nafokewa kwa sababu ya madonge.

"Haya, onja," akasema. "Mimi nina saumu."

Nikaonja.

"Kwani ninyi hamjaanza mfungo wenu? Mwalimu aliniambia siku zenu arobaini."

"Tumeanza, Mama. Jumatano."

"Basi mbona unaonja?"

Nikabaki na kijiko hewani. Nikamwambia kwamba mimi, kwa kweli, sijaanza. Alinitazama kwa muda wa kutosha kunifanya nione haya, kisha akasema, "Haya, onja hivyo hivyo. Nyumba yenye saumu inahitaji mtu wa kuonja. Sukari imetosha?" Nikamwambia imetosha. Kesho yake niliacha kunywa chai ya asubuhi. Sikuwa nimeweka nia yoyote ya kueleweka. Niliona tu aibu kunywa chai mbele ya mama yule na mbele ya baba ambaye angetoa mkono wake mzima ili aweze kumeza kikombe kimoja.

Wiki ya tatu ya mfungo baba alikuwa anakula uji, parachichi lililopondwa na wali bokoboko. Hapo nikapata akili yangu kubwa.

Tulipokuwa tunajiandaa kwa Komunyo ya Kwanza, hakukuwa na hostia za mazoezi. Baba alimwomba mama apike chapati nyembamba sana, akakata viduara kwa kifuniko cha chupa ya soda, akatupanga mstari. Alitufundisha kutoa ulimi, kufumba mdomo, na kuacha kiyeyuke bila kuguswa na meno. Aliyetafuna alirudishwa mwisho wa mstari kurudia. Mimi nilitafuna mara tatu mfululizo, kwa sababu nilikuwa na njaa na chapati ya mama ilikuwa tamu.

Basi nikamwomba jirani anipikie chapati moja, nyembamba kadiri awezavyo. Nikakata kiduara kwa kifuniko. Nilipoingia chumbani nimekishika kwa vidole viwili, baba alielewa kabla sijasema kitu. Alijivuta akakaa wima mwenyewe. Uso ulibadilika, ukawa ule uso wa Jumapili. Nikanyanyua mkono wake, tukafanya ishara ya msalaba, akatoa ulimi.

"Baba, hii utafune," nikamwambia. "Ni ya mazoezi. Tafuna kabisa."

"Hapana."

"Baba, ni chapati."

"Hapana." Na akafumba mdomo, akafumba na macho, akangoja kiyeyuke.

Chapati haiyeyuki. Nilijua, na yeye alijua, lakini miaka yote ile ya kuwaambia wengine wasitafune ilikuwa na nguvu kuliko sisi wawili. Ilinata juu kwenye kaakaa, kisha ikashuka vibaya. Akaanza kupaliwa. Safari hii hakukuwa na sauti, na ukimya ule ndio mbaya. Midomo ikaanza kuwa ya buluu. Nilimwinamisha, nikampiga mgongoni, nikaingiza kidole mdomoni kutafuta, akaniuma mpaka damu, nikaendelea kutafuta. Na nilisali. Sala yangu ya kwanza baada ya miaka yote ile haikuwa na Baba Yetu wala Salamu Maria. Nilisema, "Usimchukue kwa chapati yangu." Nililisema hilo tena na tena, kwa sauti, mpaka kidole kikagusa kile kiduara nikakivuta nje.

Alipopata pumzi tulikaa sakafuni wote wawili, mgongo wake kifuani kwangu. Nilimpenda wakati ule kwa namna ambayo sikuwa nimempenda tangu nikiwa mdogo, na nilimwogopea, na nilijichukia, yote kwa pamoja. Jirani alikuwa ameshafika mlangoni, kanga moja tu begani, amekimbia. Nilimweleza. Sikumficha kwamba chapati yake ndiyo ilikuwa ya kufundishia Komunyo, nikadhani atachukia. Alikaa kwenye kizingiti akafikiri.

"Hicho mnachopewa," akauliza, "lazima kiwe kikubwa hivyo? Ukipewa kama punje ya mchele hupati?"

"Unapata," nikasema. "Hata chembe ni Yesu mzima. Hakuna nusu."

Nilijisikia nikiyasema. Yalikuwa maneno ya baba, na hata namna ya kutua katikati yake ilikuwa yake. Sikuyatafuta. Baba aligeuza kichwa kifuani kwangu akanitazama kwa jicho moja, na ule upande wa mdomo unaofanya kazi ukapanda kidogo.

"Sasa kama ni hivyo," jirani akasema, "unamkaba mzee kwa duara zima la nini?"

Tukaanza upya. Kipande cha chapati kama punje ya mchele, kimelowekwa. Akiwekewa ulimini, papo hapo kijiko cha uji wenye pilipili manga kinafuata. Kidevu chini. Meza. Meza tena. Fungua. Siku za kwanza mbili alikataa kwa hofu, na sikumlazimisha. Nilikaa naye tu. Siku ya tatu akakubali. Wiki iliyofuata alikuwa anameza punje tatu kwa mlo, na niligundua kwamba simu yangu naiacha kwenye begi la vifaa bila kuambiwa na mtu. Madereva walilalamika, na gari zao zilipona vilevile.

Idd ikaja. Jirani alituletea pilau, na jioni iliyofuata bakuli la uji likaja kama kawaida. Nikamwambia, Mama, mfungo umekwisha, usijisumbue. Akasema kwake umekwisha, kwa Mwalimu bado, na akanikumbusha kuleta bakuli la jana.

Padre akafika siku aliyoahidi, kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mke wangu alikuwa Ngorongo na mitihani. Baba alikuwa na shati jeupe tangu saa kumi na mbili. Kwanza Padre alimwungamisha, mimi nikiwa nje. Mtu mwenye maneno mawili anaungama vipi sijui, ila walichukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Jirani alikuwa amekaa nje ya mlango wa uani na sufuria ya uji kwenye makaa. Nilimkaribisha ndani akakataa. Alisema uji ukipoa utakuwa mzito, yeye kazi yake ni hapo.

Tuliitwa. Nikasema na Padre habari ya punje, akaelewa mara moja. Akaichukua hostia, akaimega pembeni, chembe moja tu, akaishika kwenye ncha ya kidole.

"Mwili wa Kristo."

"Bwana," baba akasema.

Padre akamwekea ulimini. Nilikuwa nimepiga magoti pale penye nafasi yangu ya kila siku, bakuli mkono wa kushoto, kijiko mkono wa kulia. Nikampa uji. Baba akakunja kidevu mwenyewe. Hakuna kilichotokea. Macho yake yalikuwa yamenikazia mimi, na niliona hofu ndani yake, hofu ya lile shati. "Taratibu," nikamwambia. "Hatuna haraka. Niko hapa." Kikoromeo kikapanda nusu, kikasimama. Kikashuka. Kikapanda tena, kikashuka mpaka mwisho.

"Fungua, baba."

Mdomo ulikuwa mtupu. Nilimwonyesha Padre, naye akainama akaangalia kwa makini kama daktari. Kutoka uani sauti ikauliza, "Amemeza?"

"Amemeza, Mama."

"Alhamdulillahi."

Baba alikuwa analia tena, na mimi vilevile, na sikujificha. Padre alitusubiri. Kisha akanionyesha kichombo kidogo alichobebea Komunyo, na ndani yake hostia ile iliyobaki karibu yote, imemegwa pembeni.

"Hiki kilichobaki," akasema, "ni cha nani?"

Nikamwambia kwamba mimi siko tayari, kwamba ni miaka. Akauliza kama nina haraka ya kwenda gereji. Tukatoka barazani, tukakaa kwenye benchi ambalo baba alilitengeneza, na nikaanza kuungama kwa mpangilio, miaka ya zamani kwanza. Haikuchukua muda nikajikuta nimefika kwenye kijiko. Kwamba nilimfokea. Kwamba nilihesabu dakika mbele yake. Kwamba nilifanya ishara ya msalaba kwa mkono wake kama napiga jeki. Kwamba nilikaribia kumuua kwa maji, kisha kwa chapati, na mara zote mbili nilikuwa namtakia mema.

Padre akanigeukia. "Kitubio chako," akasema, "kesho asubuhi mlishe baba yako."

"Padre, hicho nakifanya kila siku."

"Najua. Nimekuona ukikifanya sasa hivi. Nilidhani wewe ndiye hukuona."

Akaniondolea dhambi, tukarudi ndani, akanipa ile iliyobaki. Baba alinitazama muda wote, na ninajua alichokuwa anakiangalia. Sikutafuna.

Kesho yake nilipika uji mwenyewe tangu mwanzo, jirani akiwa amelala. Nilimkalisha baba, nikafungua dirisha, nikakaa mbele yake. Alimeza kijiko baada ya kijiko, bila kukohoa, na kila kimoja nilikingoja mpaka mwisho wake. Karibu nusu ya bakuli nilipeleka kijiko kingine, akabana midomo. Nikadhani ameshiba. Akanishika kiwiko kwa mkono wake wa kushoto, akaugeuza mkono wangu taratibu, kijiko kikiwa kimejaa na kinatikisika, akausukuma mpaka ukafika mdomoni kwangu mimi. Tangu jana yake mchana nilikuwa sijatia kitu tumboni, na sijui alijuaje. Akakaa akiningoja. Nikala. Nilikuwa nimezidisha pilipili.